Kupima metali nzito na mionzi ya asili katika timbo lililojaa maji: mwongozo kamili kutoka Malindi

Wakata mawe wakifikia maji, huhama. Mtaimbo na mashine ya kukatia hupelekwa kwingine, shimo likabaki. Masika moja au mbili zikipita, shimo limekuwa ziwa. Watoto wanarukia humo kutoka ukingoni, kina mama wanafua, mtu analeta vifaranga vya tilapia kwa ndoo, na mwaka unaofuata kuna pampu inayovuta maji kwenda kwenye mchicha. Kuanzia Maweni, kisiwani Manda, hadi viunga vya Malindi, mambo huenda hivyo hivyo. Swali la mwisho kuulizwa ndilo lililostahili kuwa la kwanza: ndani ya maji hayo mna nini?

Nimeandika haya kwa vikundi vya vijana, wafugaji wa samaki, walimu wa sayansi na wazee wa mtaa wanaotaka jibu kabla samaki hajafika sokoni. Si lazima uwe mkemia. Utahitaji subira, mkono safi, daftari, na mtu wa kukushikia kamba.

Ninalosisitiza kuliko yote ni hili: anza na tope. Maji unayoyaona leo ni mvua ya juzi, na mwezi ujao yatakuwa mengine. Metali nzito, kama risasi na zebaki, na radiamu, metali ya asili yenye mionzi, hupenda kushikamana na chembe laini za udongo, kutu ya chuma na majani yaliyooza, kisha huzama nazo. Tope la chini limeweka kumbukumbu ya miaka yote tangu timbo liachwe. Tena tope halikai kimya. Siku za joto zisizo na upepo, maji ya chini huishiwa na oksijeni. Hapo kutu ya chuma na ya manganizi huyeyuka, na aseniki na metali nyingine zilizokuwa zimeshikwa nayo huachiliwa zirudi majini. Ndiyo maana mtu anaweza kupima maji ya juu mwezi wa Julai akafurahi, na mwezi wa Machi samaki wakaanza kuelea.

Kabla ya lolote: kuta za timbo

Kuta za timbo hukatwa wima. Aliyetumbukia hana mteremko wa kukanyaga wala mzizi wa kushika, na kina huanza pale pale ukingoni. Watoto hufa maji humo. Hatari hiyo ni ya leo, haingoji majibu ya maabara. Kwa hiyo usiende peke yako. Vaeni makoti ya kuokolea hata kama nyote mlizaliwa ufukweni, acheni mtu mmoja nchi kavu na kamba ndefu, na msikae chini ya ukuta ulioning'inia baada ya mvua. Mkimaliza kazi, kabla hata ya kupeleka sampuli, pigeni uzio wa miiba upande ambao watoto hupitia.

Hatua ya kwanza: uliza kilichochimbwa na kilichotupwa

Maabara haiwezi kupima kila kitu kwa pesa ulizonazo. Historia ya shimo ndiyo itakayokuchagulia cha kupima.

Matimbo mengi ya ukanda wetu ni ya jiwe la tumbawe. Jiwe hilo ni chokaa ya bahari ya kale, na lina metali nzito kidogo sana. Ukiingia bara ya Kilifi mambo hubadilika. Kinangoni palichimbwa risasi, na Vitengeni panajulikana kwa risasi na baraiti, yaani madini ya bariamu. Shimo la madini ya risasi halifanani kabisa na timbo la tumbawe hata kama yote mawili yana maji ya kijani. Na mahali penye baraiti uliza habari za radiamu, kwa kuwa radiamu hufuata bariamu kama kivuli: baraiti inapojijenga, radiamu hunaswa ndani yake.

Mchanga mweusi ni habari nyingine tena. Mambrui upo mchanga wenye madini ya titani, wa jamii moja na ule uliochimbwa Kwale kuanzia 2013 hadi 2024. Madini hayo hukaa pamoja na madini mengine mawili, zikoni na monazaiti, na hizi mbili ndizo zinazobeba thoriamu na urani, metali za asili zenye mionzi. Kwale hiyo hiyo kuna kilima cha Mrima, kinachojulikana kwa wingi wa mionzi ya asili kwa sababu ya thoriamu iliyo kwenye udongo wake. Hakuna aliyeileta, imezaliwa na mwamba.

Kwingineko duniani somo hili limeandikwa kwa herufi kubwa. Malaysia, katika bonde la Kinta, uchimbaji wa bati uliacha mamia ya maziwa, hasa baada ya bei ya bati kuanguka 1985. Watu wakafuga samaki humo. Mchanga uliobaki baada ya kutoa bati una monazaiti na zikoni, na aseniki mara nyingi huandamana na bati. Bangka, Indonesia, mashimo kama hayo yana jina lake kabisa, kolong. Na huko Butte, Montana, pampu za mgodi wa shaba wa Berkeley Pit zilizimwa 1982, maji yakapanda yakiwa tindikali. Mwaka 1995 bata bukini zaidi ya 300 walitua humo wakafa.

Tindikali ile hutokea pale jiwe lenye salfaidi, yaani madini ya salfa, linapokutana na hewa na maji. Kwetu chokaa huizima, na pH, yaani kipimo cha tindikali, ya timbo la tumbawe kwa kawaida hukaa karibu na 8. Hapo risasi na shaba haziyeyuki kwa urahisi. Lakini msidhani chokaa ni ngao ya kila kitu. Urani hushikana na kaboneti ikasafiri vizuri sana katika maji ya chokaa, na aseniki nayo huachilia udongo pH inapopanda. Tumbawe lenyewe, likiwa hai, hujenga ndani yake urani ya kiasi cha miligramu 2 hadi 3 kwa kilo, kutoka kwenye maji ya bahari yenye mikrogramu 3.3 kwa lita. Ni kiasi cha kawaida cha mawe mengi, hakitishi. Ila ni sababu tosha ya kuiandika urani kwenye orodha.

Sasa kilichotupwa. Nenda kwa mzee aliyekata mawe pale, ukae naye barazani, usiende na fomu. Mzee mmoja aliniambia, "Mjukuu wangu, jiwe halina neno. Ulizia gari zilizokuja usiku." Alikuwa na haki. Timbo lililoachwa hugeuka jaa. Betri za gari, rangi za zamani, mafuta machafu ya gereji, majivu, simu na televisheni mbovu, vyote huishia humo. Kwa maoni yangu, katika timbo la tumbawe hatari kubwa ya risasi haitoki kwenye mwamba, inatoka kwenye lori. Tukumbuke Owino Uhuru, Mombasa, ambako kuyeyusha betri kuliingiza risasi katika damu za watoto. Mwanaharakati Phyllis Omido alipigania jambo hilo hadi akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman 2015, na mahakama ikawapa wakazi haki 2020. Wavuvi wanaoyeyusha betri kuukuu ili kutengeneza chubwi, uzito wa kuzamisha mshipi, wakiosha vyombo vyao timboni, wanaleta risasi ile ile kwa kipimo kidogo.

Uliza pia kama mto huingia. Sabaki ikifurika hubeba tope la safari ndefu, kuanzia mto Athi unaopokea maji ya mito ya Nairobi. Timbo linalopata mafuriko ya Sabaki lina historia mbili, ya kwake na ya mto.

Hatua ya pili: tia bildi, chora ramani

Panda hori au boya la mapipa, pima kina kwa bildi, yaani kamba yenye uzito mwishoni. Kwa kazi hii usitumie chubwi ya risasi. Funga jiwe safi ndani ya mfuko wa nailoni. Nimeona sampuli nzuri ikiharibiwa na chubwi iliyokwaruza chupa, na majibu yakaleta hofu mtaa mzima bure.

Pima kila baada ya mita 10 kwa mistari miwili inayokatana. Andika kwa mita, hata kama mwenye hori anakusomea kwa pima. Pima moja ni kama mita 1.8. Kisha chagua vituo: palipo na kina kirefu kuliko pote, maana ndipo tope laini hukusanyika, mahali maji ya mvua yanapoingilia, mahali palipotupwa taka, na kimoja pembeni pasipo na lolote. Timbo la ukubwa wa uwanja wa mpira linatosheka na vituo 5. Weka alama ya GPS ya simu kwa kila kituo.

Nenda mara mbili kwa mwaka ukiweza: mwisho wa kaskazi, Machi, maji yakiwa machache na moto, na tena baada ya masika. Ukiwa na nafasi ya mara moja tu, chagua Machi.

Hatua ya tatu: maji

Chupa ziwe mpya, za plastiki ngumu nyeupe, zilizooshwa maabara kwa tindikali. Chupa ya soda haifai. Vaa glavu zisizo na unga. Suuza chupa mara tatu kwa maji ya kituo, kisha izamishe mdomo ukielekea chini, igeuze ukiwa umefikia urefu wa mkono. Chukua na maji ya chini pia, nusu mita juu ya tope, kwa chupa yenye kizibo cha kamba.

Pale pale, kabla hujaondoka, pima joto, pH, chumvi na oksijeni kwa vipimo vya mkononi. Namba hizi nne haziwezi kungoja. Oksijeni ya chini ikiwa karibu na sifuri, tayari umejifunza jambo kubwa. Kipimo cha chumvi nacho kitakuambia kama bahari imeingia kwa chini. Katika matimbo yaliyo karibu na ufuo maji matamu huelea tu juu ya maji ya chumvi, na pampu kubwa huyachafua kwa msimu mmoja.

Kila kituo jaza chupa mbili. Ya kwanza ni maji yaliyopitishwa kwenye chujio la mikromita 0.45, hayo ndiyo yaliyoyeyuka. Ya pili ni maji yasiyochujwa, hayo ndiyo mtu anayoteka. Yote hutiwa tindikali ya naitriki safi hadi pH ishuke chini ya 2, la sivyo metali hujibandika kwenye ukuta wa chupa na majibu yatadanganya. Tindikali hiyo inachoma; kama hamna aliyefunzwa kuishika, pelekeni chupa maabara haraka, waitie wao, na zikae angalau siku moja kabla ya kupimwa. Zebaki ina chupa yake na dawa yake, waombe maabara mapema. Chupa zote ziende ndani ya boksi la barafu.

Usisahau chupa ya udanganyifu wa heri: jaza maji yaliyosafishwa ya maabara, safiri nayo timboni, ifungue na kuifunga, rudi nayo. Ikija na risasi, basi risasi hiyo ni yako, si ya timbo.

Hatua ya nne: tope, hapa usiharakishe

Kifaa bora nilichowahi kutumia ni bomba la plastiki la kupitisha maji, kipenyo cha milimita 50, urefu wa mita moja na nusu. Lisukume polepole ndani ya tope ukiwa horini, ziba juu kwa kizibo cha mpira, livute, na mwenzio azibe chini kabla halijatoka majini. Pale kina kinapozidi urefu wa bomba, liunganishe na upondo. Ukilisimamisha utaona tabaka kama za keki: kahawia juu, nyeusi chini, pengine mstari mweupe wa unga wa mawe kutoka siku za mwisho za kukata.

Gawa tope kila sentimita 5 kwa kijiko cha plastiki. Tabaka la juu linasema yanayotokea sasa, la chini kabisa linasema timbo lilivyokuwa kabla ya taka. Hilo la chini ni hazina, litakuja kuwa kipimo chako cha asili. Kwa metali, gramu 100 za tope zinatosha. Kwa mionzi unahitaji nyingi: kilo moja na nusu ya tope bichi ili ibaki nusu kilo kavu.

Kausha kivulini, juu ya karatasi safi, mbali na barabara na jiko la kuni. Ponda kwa kinu cha udongo au cha mbao, kamwe si cha shaba. Chunga kwa chekecheo la nailoni, si la waya.

Kwa mionzi, maabara itaifunga sampuli ndani ya kopo lisilopitisha hewa na kuliacha wiki nne. Watu hudhani ni uvivu. Sababu ni kwamba radiamu-226 hupimwa kupitia watoto wake, yaani vitu vinavyozaliwa inapovunjika, na mmojawapo, radoni, ni gesi inayotoroka. Nusu ya radoni huisha kila siku 3.8; kopo likifungwa wiki nne, radoni iliyomo inakuwa imelingana na radiamu iliyoizaa, na namba inakuwa ya kweli. Maabara inayokupa majibu ya radiamu siku ya pili, iulize imefanyaje.

Hatua ya tano: samaki, kama wanavyoliwa

Hapa ndipo vipimo vingi hukosea. Maabara hukata minofu, hupima minofu, huandika salama. Lakini kwetu nani hula minofu peke yake? Kichwa huenda kwenye supu, tilapia wadogo hukaangwa hadi mifupa ikatafunwa. Risasi na radiamu hukaa kwenye mifupa, kadimiamu hukaa kwenye ini na figo, poloni-210, nayo yenye mionzi, kwenye ini na matumbo, na zebaki ndiyo hasa inayokaa kwenye mnofu. Kwa hiyo pima mnofu peke yake, kisha pima samaki mzima kama anavyopikwa. Chukua samaki 10 wa ukubwa tofauti, pamoja na kambare ukimpata, kwa sababu yeye hulala topeni. Kikomo cha Codex, kanuni za kimataifa za chakula, kwa risasi ni miligramu 0.3 kwa kilo ya samaki.

Hatua ya sita: maabara, na swali la lazima

Anza na idara ya kemia ya chuo kikuu kilicho karibu nawe, Pwani University iko Kilifi, au ofisi ya Mkemia wa Serikali. Kwa mionzi ya gama, Nairobi kuna taasisi ya sayansi ya nyuklia ya chuo kikuu, na Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, ndiyo yenye kusimamia mambo haya.

Swali la lazima ni hili: kipimo chenu kinaanza kuona kuanzia kiasi gani? Nilijifunza kwa uchungu. Kikundi fulani kilileta majibu kutoka maabara moja: risasi haikuonekana. Tukashangilia, vifaranga vikaingia majini. Baadaye nikagundua kwamba mashine ile haikuweza kuona chini ya mikrogramu 50 kwa lita, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa risasi ni 10. Haikuonekana haikuwa na maana ya haipo. Sijajisamehe upesi kwa lile, kwani watoto wa wale vijana ndio waliokuwa wa kwanza kula. Sasa siandikishi sampuli bila kuona namba hiyo kwenye karatasi. Kwa maji, omba ICP-MS, mashine inayoona hata metali kidogo sana. Kwa tope, mashine za kawaida zinatosha.

Hatua ya saba: kusoma namba

Kwa maji ya kunywa, viwango vya Shirika la Afya Duniani, kwa mikrogramu kwa lita, ni: risasi 10, aseniki 10, kadimiamu 3, zebaki 6, kromiamu 50, nikeli 70, urani 30. Ile 30 ya urani imewekwa kwa sababu ya figo, wala si kwa sababu ya mionzi. Urani, kwa kuwa ni metali, huumiza kabla mionzi yake haijafika mbali. Kwa mionzi yenyewe, kichujio cha kwanza hutazama aina mbili za mionzi: alfa yote kwa jumla isizidi bekereli (kipimo cha mionzi) 0.5 kwa lita na beta yote isizidi 1. Ikizidi, haimaanishi sumu, inamaanisha sasa pimeni kila chanzo cha mionzi hiyo peke yake.

Kwa tope, watafiti hutumia mizani ya aina mbili. Ya kwanza huuliza kama wadudu wa topeni wataumia: risasi ikiwa chini ya miligramu 36 kwa kilo, hapana shaka kubwa, ikipita 128, madhara yanatarajiwa. Kwa kadimiamu namba hizo ni 1 na 5, aseniki 10 na 33, zinki 121 na 459.

Ya pili ni ya mtafiti Müller, ya 1969: gawa kiasi ulichokipata kwa mara moja na nusu ya kiasi cha asili, kisha tafuta logi ya msingi wa 2. Jibu likiwa chini ya sifuri, pasafi. Kati ya 1 na 2, pamechafuka kiasi. Likipanda zaidi, ni hatari zaidi. Lakini kiasi cha asili cha wapi? Ripoti nyingi huchukua wastani wa mwamba wa udongo, risasi 20. Timbo letu ni chokaa, na wastani wa mawe ya chokaa ni 9. Tuseme tope lako lina risasi 30. Kwa namba ya udongo, 30 kwa 30 ni 1, logi yake sifuri, na kila mtu anaenda nyumbani. Kwa namba ya chokaa, 30 kwa 13.5 ni 2.2, logi yake ni 1.15, yaani kuna mtu ametupa kitu. Tope moja, hukumu mbili. Ndiyo maana tabaka lile la chini kabisa ni hazina: linakupa asili ya mahali penyewe.

Kwa mionzi ya tope, wastani wa udongo wa dunia ni takriban bekereli 35 kwa kilo za radiamu-226, 30 za thoriamu-232 na 400 za potasiamu-40. Zijumlishe kwa kanuni hii: radiamu, ongeza thoriamu mara 1.43, ongeza potasiamu mara 0.077. Jumla ikizidi 370, udongo huo usijengewe nyumba. Mfano: radiamu 40, thoriamu 60, potasiamu 300 zinatoa 40 na 85.8 na 23.1, jumla karibu 149. Salama kujengea. Kwa namba hizo hizo, mtu anayeshinda nje sehemu ya tano ya siku hupata kama milisivati (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) 0.08 kwa mwaka, wakati binadamu wa kawaida hupata 2.4 kwa mwaka kutoka angani, ardhini, hewani na chakulani. Nawaambia hili kwa sababu neno mionzi huwatia watu hofu kuliko risasi, na kwenye timbo la tumbawe mpangilio wa hofu unatakiwa uwe kinyume. Kwenye mchanga mweusi au baraiti, pimeni kwanza ndipo mseme.

Hatua ya nane: kuamua matumizi

Kunywa: usinywe maji ya timbo, hata majibu yakiwa mazuri, mpaka afisa wa afya ya umma atoe neno, kwa kuwa vijidudu ni shauri jingine. Tena kuchemsha hakuondoi metali, kunaikoleza, kwa sababu maji hupungua na metali hubaki. Dawa ya klorini haiigusi. Mbegu za mzunze hutuliza tope na kuzamisha metali iliyoshikamana na chembe, lakini msizitegemee kuondoa yote iliyoyeyuka.

Kumwagilia ni nafuu zaidi. Miongozo ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, huruhusu risasi hadi miligramu 5 kwa lita lakini kadimiamu 0.01 tu, kwa vile kadimiamu hupanda kwenye mimea kwa urahisi. Mboga za majani kama mchicha hukusanya zaidi kuliko matunda. Maji ya wasiwasi yapelekeni kwenye minazi na miembe, na hata hapo msimwage tope la chini ya timbo shambani kama mbolea. Hilo nimeliona likifanywa, na ndilo kosa lenye kudumu kuliko yote.

Ufugaji: kama tope lina shaka lakini maji ni mazuri, fuga samaki ndani ya vizimba vinavyoelea, wasiguse chini, na usiweke kambare. Inawezekana kabisa timbo likawa mahali pa kupendeza. Bamburi, René Haller alianza 1971 kupanda mivinje kwenye timbo la kiwanda cha saruji, na leo kuna msitu, samaki na wanyama.

Mkikuta risasi au aseniki juu ya kiwango, pelekeni karatasi kwa NEMA, mamlaka ya mazingira, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, mkabaki na nakala. Watoto waliokuwa wakioga na kunywa humo wapelekwe hospitali wapimwe damu. Kwa risasi, hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Na kabla hamjafunga daftari, wekeni kopo la pili la tope kavu la kila kituo katika stoo ya shule, kwenye kifuniko mkiandika tarehe, kina, namba ya GPS na jina la kikundi. Miaka mitano baadaye atakuja mwingine na mashine bora zaidi, naye atalihitaji.